Penseli, Soseji na Uraia wa Baba

Huku Australia asiyepiga kura hudaiwa. Tume ya uchaguzi humwandikia barua ya adabu kumuuliza kulikoni, na akikosa sababu ya maana hutoa dola 20 za Australia. Mswahili aliyezoea kuona wapiga kura wakibembelezwa kwa kofia, fulana na kilo ya sukari, akishapata uraia wa huku hugundua kuwa mambo yamepinduka: yeye ndiye anayetozwa kwa kubaki kitandani.

Sheria hiyo ya kura ya lazima ni ya mwaka 1924. Uchaguzi wa 1922 ulikuwa umewavuta chini ya asilimia 60 ya waliojiandikisha, seneta mmoja wa Tasmania, Herbert Payne, akapeleka muswada wake binafsi, ukapita. Mwaka 1925 waliojitokeza walizidi asilimia 91.

Siku yenyewe ni Jumamosi. Mgeni wa Tanga au Kisumu hujiandaa kama aendaye kwenye usaili wa kazi: kitambulisho mfukoni, shati limepigwa pasi, roho juu. Kwenye foleni anamkuta jirani kavaa kandambili na kashika mbwa. Kule Bondi, Sydney, wapo wanaotoka baharini na kuingia kituoni na chupi za kuogelea. Kitambulisho hakiulizwi. Karani anataka kujua mambo matatu tu: jina, unapokaa, na kama umeshapiga kura katika uchaguzi huu. Ukisema bado, anakuamini! Hakuna wino wa kuchovya kidole. Na mle kibandani, katika nchi tajiri namna hii, chombo cha kuchagulia serikali ni penseli. Aliyekulia kwenye siasa za kwetu huigeuzageuza, akajikuta anachungulia kama kifutio kimefichwa mahali.

Kisha hapigi tiki. Anawapanga wagombea kwa namba, kuanzia 1 kwa ampendaye hadi yule asiyetaka hata kumsikia. Mwaka 2013 jimbo la New South Wales lilikuwa na wagombea 110 wa useneti, karatasi ikakaribia urefu wa mita moja, maandishi yakawa madogo hata tume ikabidi itoe vikuza maandishi vya plastiki. Mwaka huohuo kule Victoria, Ricky Muir wa chama cha wapenda magari aliingia useneti akiwa na nusu asilimia tu ya kura za kwanza, kwa sababu vyama vidogo vilikuwa vimepangiana namba kwa ujanja. Kanuni zikabadilishwa 2016.

Kura nyingi hupigwa shuleni, na huko kamati ya wazazi huwasha jiko uani: soseji, kipande cha mkate, vitunguu vya kukaanga, sosi ya nyanya. Penye bahati hupatikana za halali. Msidhani ni takrima. Mpiga kura hununua kwa hela yake na fedha zinakwenda shuleni. Mwaka 2016 kiongozi wa upinzani, Bill Shorten, alipigwa picha akiing'ata ya kwake ubavuni badala ya kuanzia ncha, na taifa zima likawa na maoni.

Baada ya soseji, matokeo. Tarehe 3 Mei 2025 chama cha Labor cha Waziri Mkuu Anthony Albanese kilizoa viti 94 kati ya 150. Mpinzani wake, Peter Dutton, aliyekuwa amewaahidi watu mitambo ya nyuklia katika maeneo saba, hakushindwa nchi peke yake. Alipoteza na jimbo lake la Dickson alilolishika tangu 2001, jambo la kwanza la namna hiyo kumpata kiongozi wa upinzani wa shirikisho. Usiku uleule alisema amempongeza Albanese, na aliyemng'oa, Ali France, pia. Waliokuwa wakingoja kusikia nani anakwenda mahakamani wakaenda kulala.

Hatari zaidi huwa ni wenzako. Kati ya 2010 na 2018, Kevin Rudd, Julia Gillard, Tony Abbott na Malcolm Turnbull, mawaziri wakuu wanne, waliangushwa na wabunge wa vyama vyao wenyewe.

Ila kichekesho cha miaka yote ni kile cha 2017. Ibara ya 44 ya Katiba inamkataza mwenye uraia wa nchi nyingine kuwa mbunge, na ghafla waheshimiwa wakaanza kuuliza babu alizaliwa wapi. Naibu Waziri Mkuu, Barnaby Joyce, akajikuta raia wa New Zealand kupitia baba yake, akapoteza kiti Oktoba, akakirudisha Desemba kwa uchaguzi mdogo. Seneta Matt Canavan alisema mama yake ndiye aliyemwandikisha Uitalia bila yeye kujua, mahakama ikamwacha.

Miezi kadhaa kabla, swali hilohilo lilikuwa limemfikia Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Australia mwaka 1999 na kuingia useneti Aprili 2017 kujaza nafasi ya aliyekuwa seneta, Bob Day. Labor ikahoji kama bado ni Mkenya. Hakuwa. Katiba ya zamani ya Kenya, ambayo hadi 2010 ilimnyang'anya uraia kila aliyechukua wa nchi nyingine, na ambayo Wakenya wa ughaibuni waliilalamikia kwa miaka, ilikuwa imeshamwondolea Ukenya zamani. Akaapishwa.