Mkanda Usiozeeka

Hapa Tenke, ambapo reli itokayo Lobito iliungana na ile ya Katanga mwaka 1931, na ambapo leo vumbi la malori ya shaba na kobalti halibagui injini, wapo wenye teksi waliobobea katika falsafa: mkanda wa taimingi, wasema, haujakatika; basi ni dalili gani kuwa utakatika? Kitabu cha mtengenezaji, ambacho kwa magari mengi ya Kijapani huagiza ubadilishwe yapata kila kilomita 100,000, huhesabiwa kuwa hila ya wauza vipuri. Na fundi afunguaye kifuniko, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi nyufa nyembamba katika mpira, huambiwa kwa adabu, "Aksanti, fundi, tumtegemee Mungu," kana kwamba Mola ndiye aliyekataa kutoa gharama. Mmoja wao alinihakikishia kuwa kipimo chake cha mwendo kilisimama zamani, na kwa hiyo, kwa hesabu halali, mkanda haujatembea hata kilomita moja. Bwana huyu sina hoja ya kumjibu. Ila ninyi abiria, jueni kuwa mkanda ule aghalabu hukatika bila taarifa, na katika injini nyingi pistoni hugonga vali papo hapo. Nauli ya Kolwezi lipeni mkifika.