Mwongozo wa Kuhamisha Mishahara ya Mobeni

Anza kwa kumwambia mkurugenzi kwamba kazi ni ndogo. Programu ya mishahara ya kiwanda chenu hapo Mobeni imeandikwa kwa asembla ya meinfremu, ukoo wa IBM System/360 iliyotangazwa mwaka 1964. IBM yenyewe ilifunga virago Afrika Kusini mwaka 1987, vikwazo vilipokolea. Programu haikuambiwa, ikaendelea na kazi. Sasa mnaitaka kwenye prosesa ya Intel. Hesabu rejista za jumla: kule 16, huku 16. Tangaza ushindi.

Kisha nakili mafaili yalivyo. Meinfremu hutanguliza baiti kubwa, Intel hutanguliza ndogo, kwa hiyo aliyefanya ovataimu ya saa 1 atasomeka amefanya saa 16,777,216. Chama cha wafanyakazi hakitalalamika.

Randi na senti zimefungashwa tarakimu mbili kila baiti, ishara ikikaa mwishoni: R125.50 ni 12 55 0C. Mwenye haraka atazigeuza kuwa namba za nukta inayoelea. Mwache. Senti kumi haiandikiki kamili kwa sifuri na moja, na wahasibu nao wanahitaji kazi.

Orodha zitapinduka: EBCDIC, msimbo wa herufi wa meinfremu, huweka herufi kabla ya tarakimu, ASCII ya huku kinyume chake. Idara B2 iliyokuwa juu ya 3A itajikuta chini. Mweleze karani wa mishahara polepole, akishakunywa chai.

Utamu wenyewe uko kwenye mstari ulioandikwa pembeni USIGUSE. Hapo programu inajibadilisha ikiwa inakimbia: amri ya kuruka isiyoruka, baiti yake ya pili ikiwa 00, inabandikwa F0, na tangu hapo inaruka kila ikifikiwa. Itafsiri kwa uaminifu uone mfumo endeshi ukiitupa nje, maana siku hizi kumbukumbu ya amri haiandikwi ovyo.

Kwa nini F0? Ofisini hakuna ajuaye. Panda Chatsworth kwa mstaafu aliyeiandika, umwite Anko kama waitwavyo wazee wa huko, na usiende mikono mitupu: bunny chow ya kondoo, yaani mkate uliojazwa mchuzi, inafaa. Atamaliza mchuzi kwanza. Halafu atakwambia kuwa bila F0, posho ya likizo ya Desemba ingelipwa mara mbili kwa kila aliyehama idara.

Baadaye endesha mashine zote mbili sambamba kwa miezi kadhaa, ulinganishe malipo. Ikizuka tofauti ya senti moja, usikimbilie kurekebisha: huenda Intel ndiyo iliyopatia, na meinfremu inakosea tangu enzi za ubaguzi. Wafanyakazi wameshaizoea senti hiyo. Ihamishe nayo.