Muulize Mjomba Volti

Mjomba, shikamoo. Mimi ni seremala. Betri zote mbili za drili yangu ya volti 18 hazishiki chaji, na dukani bei ya betri moja inakaribia bei ya drili nzima. Nimeiunga kwenye chaja ya laptopu ya volti 19. Hewani inazunguka kwa madaha, ikigusa mninga inazima. Tatizo nini?
Aliyeachwa, Kibaha

Marahaba, mpwa. Volti umepata, ampea huna. Chaja za laptopu nyingi hutoa ampea tatu au nne, wakati drili iking'ang'ana na mbao ngumu huvuta 20 na kupita. Chaja inajizima, na ina haki.

Fungua ganda la betri iliyokufa. Kama ni ya lithiamu, utakuta seli za volti 3.6, tano kwa mstari. Zitoe bila kuzitoboa wala kuzigusanisha ncha, na usiingize seli mpya kati ya zilizochoka. Hapo ndipo moto huanzia. Baki na ganda na vile vibati vyake vya shaba. Unga hapo waya mnene, milimita 4 za mraba, mfupi kadiri kazi inavyoruhusu, maana waya wa spika utakula volti njiani na kukuunguza vidole. Upande wa pili weka betri ya sola ya volti 12, na fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na kichwa cha chanya.

Drili ya volti 12 itashukuru. Yako ya 18 itazunguka kinyonge, na ikiwa na elektroniki ndani huenda ikagoma. Usiunge betri mbili upate 24: zikijaa zinapita 25, na swichi ndiyo itakayolipa.

Mjomba, jirani anasema nikate waya wa pasi, niunge drili yangu ya betri moja kwa moja ukutani.
Mwenye Haraka, Kisumu

Mna kesi ya mpaka wa shamba? Ukutani kuna volti 240 za mkondo geu. Usithubutu.

Mjomba, mume wangu kila siku anachomoa betri ya gari aende nayo saiti. Asubuhi tunasukuma, watoto wamevaa sare.
Mama Sukuma, Morogoro

Pole, dada. Betri ya gari imeundwa kupiga starta, siyo kukamuliwa hadi tone la mwisho. Akiendelea hivyo itakufa. Mwambie anunue ya sola, aichaji kwa paneli hapo hapo saiti. Akibisha, kesho wewe ukae kwenye usukani, yeye asukume.