Sifa za Taa Iliyokataa Kuwaka

Washairi wa pwani wamekwisha kuusifu mwezi hata haukusalia na upande usiosifiwa, na Al-Jahidh wa Basra, mwanachuoni wa karne ya 9, hakuona haya kuwapa nzi na mbu kurasa nzima katika kitabu chake cha wanyama. Basi mimi, nisiye mshairi wala mwanachuoni, naomba radhi ya wasomaji nikitoa taadhima yangu kwa kitu kilicho hakiri kuliko nzi, nacho ni taa ya tatu ya breki, ile nyekundu ikaayo peke yake juu ya kioo cha nyuma cha gari. Wala siisifu kwa siku zile ilipokuwa ikiwaka. Naisifu kwa majuma mawili ilipokataa kuwaka.

Gari langu ni refu, la Kijapani, lililofika Kampala kama yafikavyo mengi ya ndugu zake, kwa meli hadi Mombasa na kwa barabara kupitia Malaba, ujana wake likiwa limekwisha kumtumikia bwana mwingine nisiyemjua. Ni la jamii ile ambayo watu wa mjini huinunua kwa ajili ya milima na mito, kisha wakaishia kuipandisha ukingo wa barabara mbele ya benki. Taa ninayoisema imepachikwa juu kabisa ya mlango wa nyuma, chini ya kibawa cha plastiki, mahali ambapo dereva hapaoni hata akijinyonga shingo. Na hapo ndipo ilipo fadhila yake ya kwanza. Vyote vingine garini vyanitumikia mimi: kiti mgongo wangu, kiyoyozi jasho langu, redio upweke wangu, na honi hasira zangu. Taa ya tatu peke yake hainijui. Ni sadaka ya siri, mimi ndimi niitoaye na jirani aliye nyuma ndiye aipokeaye, na hapana kati yetu aliyewahi kumshukuru mwenziwe.

Ilipokufa, basi, sikuarifiwa na gari. Niliarifiwa na Kampala.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu, katika msongamano wa Jinja Road, ambapo magari husogea kama tasbihi mkononi mwa mzee mwenye usingizi, punje moja, kisha kimya. Kijana wa bodaboda aligonga kioo changu kwa vifundo vya vidole. Nami, kwa dhana mbaya niliyoizoea, nikaiweka simu yangu chini ya paja na kukibana kioo juu. Akainama, akasema kwa sauti iliyopenya hata hivyo, “Ssebo, taa yako ya juu haiwaki,” akaondoka na abiria wake bila ya kungoja shukrani. Kesho yake, taa za Wandegeya zilipotuzuia, mama mmoja katika gari dogo la kando yangu alinyoosha kidole nyuma ya gari langu, akafumba mkono na kuufumbua, akaufumba tena na kuuacha vile vile, ishara iliyo fasaha kuliko hotuba nyingi nilizozisikia mjini humu.

Aliyenistaajabisha zaidi ni askari wa barabarani, aliyenijia karibu na Mnara wa Saa katika vazi lake jeupe. Yapasa msomaji ajue kwamba Kiswahili nchini Uganda kilikaa miaka mingi katika kambi za jeshi na vituo vya polisi kabla Baraza la Mawaziri halijaamua, mwaka 2022, kukipokea kuwa lugha rasmi. Na sisi tuliozaliwa Tanga, ambao mama zetu walitubembeleza kwa lugha hii, tukifika hapa huwaona watu wakishtuka wanapoisikia, kana kwamba kila sentensi yake itaishia kwa neno “simama”. Nilikwisha kuanza kutafuta leseni. Askari akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa gwaride, “Mzee, tengeneza taa yako usije ukagongwa.” Akanipisha. Sikumbuki kama nimepata kuisikia lugha yangu mwenyewe, katika mji huu, ikinipendeza kiasi kile.

Katika majuma mawili walinisemesha watu saba, sawa na idadi ya vilima ambavyo mji huu hujisifia. Na miaka miwili kabla ya hapo, katika misongamano ile ile, hapana aliyenisemesha ila kwa kuniuzia njugu.

Mwenye kudhani kwamba naisifu taa isiyo na nasaba na atulie kidogo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, John Voevodsky, alitoa habari za jaribio alilolifanya kwa teksi za San Francisco, ambapo teksi 343 zilifungwa nyuma taa ya ziada ya kuwaonya wafuatao kila breki ilipokanyagwa, na kugongwa kwao kwa nyuma kukapungua kwa asilimia 60. Majaribio mengine yakafuata, hata serikali ya huko ikaifanya taa ya tatu kuwa faradhi, kwa magari madogo kuanzia matoleo ya 1986, na kwa marefu kama langu kuanzia yale ya 1994. Walakini wachunguzi wa serikali hiyo hiyo walipopima tena, na kutoa taarifa yao mwaka 1998, faida ya kudumu ilikuwa asilimia 4 na kidogo tu. Taa ilipokuwa ngeni, macho yaliishangaa. Ilipokuwa kila gari linayo, macho yakaizoea kama mwenye nyumba aliyezoea mlio wa saa yake ukutani. Yangu mimi iliipata dawa ya maradhi hayo: ilizimika, ikaonekana.

Jumamosi nilikwenda Kisekka, ambako mabampa huning'inia kama nguo za kuanikwa, na wauzaji hukitazama kipande cha plastiki ulichokishika wakakutajia mwaka wa gari lako. Fundi wangu wa umeme, ambaye twamwita Ssalongo kwa kuwa Mungu amemjalia pacha, alisema, “Mzee, kwanza tutazame waya.” Nikamkatiza. Nilikuwa nimekwisha kujielimisha usiku wake, nikajua kwamba taa za siku hizi hazina balbu ya kubadili bali vijitaa vidogo vya LED vilivyozibwa ndani ya plastiki, ambavyo huwaka upesi kuliko uzi wa balbu kwa karibu humusi ya sekunde, muda ambao gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata mita tatu kasoro. Na kwamba maji yakiingia humo hubadilishwa taa nzima. Elimu ya usiku mmoja ina kibri kuliko ya miaka thelathini. Ssalongo akanyamaza.

Muuzaji akaleta taa iliyotumika, akazigusisha nyaya zake mbili kwenye betri, ikawaka nyekundu kama punje za komamanga. Nikalipa shilingi 60,000, akanipunguzia 5,000 kwa kumwachia ile mbovu. Ssalongo akafungua pambo la ndani la mlango, ikavunjika klipu moja, kama ilivyo ada ya klipu, akalegeza nati mbili za namba 10, akaitoa ya zamani na kuitia mpya. Nikaketi kwenye usukani, nikakanyaga breki.

“Vipi?”

“Bado.”

Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, kana kwamba ni suala la bidii. Bado.

Hapo Ssalongo, ambaye angaliweza kusema neno moja tu na kunimaliza, hakulisema. Alikwenda kwenye ule mpira uliokunjamana kama shingo ya kobe, upitishao nyaya kutoka kwenye mwili wa gari kwenda mlangoni, akauvuta, na ndani yake ukaonekana waya mmoja umekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila nilipopakia magunia ya mkaa na mikungu ya matoke. Akaulehemu, akauzongea tepu. Taa ikawaka. Kisha, kwa upole wa kadhi anayemwachia mfungwa, akaichukua ile ya zamani juu ya meza ya muuzaji akaigusisha kwenye betri, nayo ikawaka vizuri kabisa, tena pengine kwa nuru zaidi. Nilikuwa nimeihukumu bila ya shahidi hata mmoja, na ile iliyonunuliwa ndiyo iliyopewa haki ya kujitetea kabla ya kutolewa senti.

Muuzaji aliipangusa kwa kitambaa, akaitundika safu ya mbele. Nikamwuliza bei yake.

“Hiyo ni nzuri, Hajji. Elfu themanini.”

Jumatatu iliyofuata nilishika Northern Bypass kutoka Bweyogerere hadi Busega. Nilisimama Kalerwe, nikasimama Bwaise, nikakanyaga breki mara nisizoweza kuzihesabu, na kioo nimekishusha hadi mwisho. Wala hapana mtu aliyeniambia neno.