Barua ya Wazi kwa Wizara Tatu za Kidonge Kimoja

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi. Si kazi ndogo kukipa kidonge kimoja cha presha walezi watatu, na Tanzania imeweza. Januari 2022 masuala ya wazee yalikwenda Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Bohari ya Dawa, MSD, ikabaki Wizara ya Afya. Zahanati ziko TAMISEMI. Kitanda cha mzee kwenye makazi kina wakubwa wake, kidonge kina wake, na dirisha la kukipokelea lina wengine. Wahenga walionya kuhusu manahodha wengi, lakini hawakuwahi kukaa kikao cha uratibu.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Mzee ni wa miaka 60 na kuendelea, na asiyejiweza hutibiwa bure. Vibao vya “Mpishe mzee apate huduma kwanza” vipo, na watu kweli humpisha. Hivyo dawa ikikosekana, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa: “Hii hatuna, kanunue nje.”

Nje wapi? Mkazi wa makazi ya wazee ya Nunge, Kigamboni, au Kolandoto, Shinyanga, yuko pale kwa kukosa mtu wa kumtunza; huyo wa kumtuma duka la dawa angetoka wapi? Na msamaha wa matibabu haupokelewi kaunta ya dukani.

Utamu wenyewe uko kwenye daftari. Zahanati huagiza dawa kwa kutazama matumizi yaliyopita. Siku za stoo tupu zisipohesabiwa, amlodipine ya presha iliyokosekana wiki tatu huonekana haihitajiki sana, na oda inayofuata hupungua. Mzee aliyeambiwa akanunue nje haandikwi popote. Kitakwimu, amepona.

Presha, bahati mbaya, haisomi daftari. Kidonge chake humezwa kila siku. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, degedege huweza kurudi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo hata msamaria mwema hawezi kuijaza kabatini.

Wazee hawaombi wizara ya nne. Makazi yapeleke zahanati orodha ya wakazi wenye dawa za kudumu na dozi zao, oda ihesabiwe kwa vichwa hivyo, na akiba ya mwezi mmoja ikae chini ya ufunguo wa muuguzi.

Nakala: muuguzi wa zamu. Kama hayupo ofisini, yuko duka la dawa, anaulizia bei.