Mhadhara wa Gwiji wa Kukadiria Trafiki

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, mafundi mitambo, na wewe kijana unayechezea simu pale nyuma: nimekuja kuwatoa tongotongo.

Kila ruta ina kaunta inayohesabu baiti zinazopita kwenye kila laini. Fundi wenu huisoma kila baada ya dakika tano, anatoa namba ya kwanza kwenye ya pili, kisha huyoo, anakwenda kunywa chai. Kumbe kaunta ya biti 32 ikipita baiti 4,294,967,295 inarudi sifuri! Kwenye laini ya gigabiti moja iliyojaa, hiyo ni kila sekunde 34 hivi. Chai haijapoa, imeshazunguka mara nane. Nimehimiza sana kaunta za biti 64. Wengine walitangulia kusema, ila hawana sauti kama yangu.

Lakini hayo ni ya watoto. Wakubwa tunauliza: nani anampelekea nani, na kiasi gani? Chukueni Abilene, mtandao uliounganisha vyuo vikuu vya Marekani. Ruta 12 zinazaa jozi 144, ukihesabu na ruta inayojitumia yenyewe. Laini za ndani, kwenda na kurudi, ni 30. Kila laini inatoa mlinganyo mmoja, kila jozi ni kisichojulikana kimoja: milinganyo 30, visivyojulikana 144! Mwaka 1996 Yehuda Vardi alilikabili fumbo hili kwa hesabu za Poisson, jasho likimtoka. Mimi sitoki jasho. Majibu yanayokubaliana na kaunta hayana idadi. Nachagua moja linalonipendeza. Ndiyo maana hakuna kaunta iliyowahi kunikanusha.

Kunipendeza huko kuna kanuni, inaitwa ya mvutano: anayetuma sana hudhaniwa kumtumia zaidi anayepokea sana. Ni kama michango ya harusi, bahasha nene huenda kwa mwenye nazo. Zidisha, gawanya kwa jumla, funga daftari. Mwaka 2003 watafiti wa AT&T waliona haitoshi, wakairekebisha mpaka ilingane na kaunta. Watu wengine hawaridhiki!

Kijana anauliza kwa nini ruta isiandike kila mtiririko wenyewe. Itaelemewa, mwanangu. Kwenye laini kubwa huokota, tuseme, pakiti moja katika 1,000. Video ndefu haikosi kuonekana. Ulizo la DNS, pakiti moja kwenda na moja kurudi, karibu kila mara hupita kimya. Na swali lako ni dogo vivyo hivyo, kwa hiyo katibu asiliandike.

Karatasi ya posho ianzie huku mbele.