Tambi za Guangzhou, moto wa Butembo

Kontena la kaka lilipita njia ambayo kila mfanyabiashara wa Butembo anaijua: Guangzhou hadi Mombasa kwa meli, halafu lori kuvuka Uganda, mpaka wa Kasindi, Beni, na mwisho kupanda huku kwetu. Katikati ya viatu vya kuuza mlikuwa na katoni moja ya nyumbani. Mtaani Xiaobei, Waafrika wanakofanyia biashara, kaka alikuwa akila tambi karibu kila siku, na alitaka baba na mama nao wazionje. Katoni ilipofunguliwa sebuleni hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya Kichina. Tuliona tambi tu: nyembamba na nene, nyeupe na za manjano, na nyingine zinazopitisha mwanga.

Jumapili iliyofuata wakwe wa dada walitoka Beni kuzungumza mahari. Wifi ndiye aliyeshika jiko. Aliwasha mbabula, akateleka sufuria kubwa, na maji yalipochemka akamimina paketi za kila aina pamoja, maana wageni walikuwa wengi na spageti kwetu hupikwa hivyohivyo. Nyeupe zikaanza kumeguka, maji yakawa mazito kama uji. Akachota moja ya manjano, akaitafuna: kiini bado kigumu. Akaziacha zichemke. Alipoongeza mchuzi wa kuku, zile za kioo zikavimba na kuufyonza wote, na harufu ya kuungua ikapanda kutoka chini ya sufuria. Alipoachia mwiko, ulibaki umesimama peke yake.

“Mama, tuletee tu bugali,” baba mkwe wa dada alimwambia kwa upole, “sisi si wageni hapa.” Watoto wakatumwa mbio kununua unga wa muhogo, sombe ya jana ikapashwa moto, na mazungumzo ya mahari yakaahirishwa. Wifi alilia nyuma ya nyumba. Mama akamfuata, akaketi naye hadi jioni.

Mimi simlaumu hata kidogo. Tambi hizi zinafanana kwa macho tu. Linaloamua ni kilichosagwa kuzitengeneza, na hilo lilikuwa limeandikwa kwa lugha ambayo nyumba nzima haiijui. Kaka alipiga picha paketi zilizobaki, akamtumia mwenyeji wake wa Guangzhou, na majibu yakaja moja baada ya jingine.

Nyeupe ni za mchele. Zikiwa nyembamba hazihitaji kuchemshwa: unazimwagia maji ya moto, unafunika, unangoja zilegee, unachuja. Baada ya hapo unazimwagia mchuzi au unazigeuza kidogo kwenye karai lenye mafuta, basi. Za manjano ni za ngano, na rangi yake si lazima itokane na yai. Mara nyingi unga umekandwa kwa maji yenye chumvi za jamii ya magadi, ndiyo maana zinakuwa na unyumbufu na hazikatiki ovyo. Hizo ndizo za kuchemshwa kwa maji mengi, kisha kusuuzwa kwa maji baridi. Za kioo zimetokana na wanga wa choroko. Zinaloweshwa kwanza na kutiwa mwishoni, mchuzi ukiwa mwingi kuliko unavyodhani, kwa sababu zinakunywa.

Na zile za paketi ndogo ambazo watoto wanazipenda? Hizo zilishapikwa na kukaangwa kiwandani, kwa njia aliyoibuni Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958. Mafuta ya moto yanafukuza maji na kuacha vitundu vidogo, ndiyo maana maji yachemkayo yanaingia upesi.

Lakini hata baada ya majibu yote hayo, za ngano ziliendelea kukataa kuiva kwa dakika zilizoandikwa. Wifi ndiye aliyegundua sababu, bila kumwuliza mtu. Yeye ni mzaliwa wa Beni, chini kuliko huku. “Tangu nimeolewa hapa,” akasema, “hata maharagi yanachelewa kuliko ya kwetu.” Ni kweli kabisa. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Guangzhou, karibu na bahari, yanakaribia 100. Dakika za paketi ni dakika za bondeni. Nilifurahi sana kuona jibu hilo limetoka kwake.

Wakwe waliporudi, alipika mwenyewe na hakutaka msaidizi. Tambi za mchele aliziweka bakulini, akazimwagia mchuzi wa tilapia wa Kyavinyonge wenye tangawizi, poaro na pilipili. Za ngano alizigeuza kwenye karai pamoja na shu na karoti za Lubero, moto mkali, mkono haupumziki. Baba mkwe wa dada aliongezewa, akaongezewa tena, na mahari ikakubaliwa siku hiyo hiyo.

Za kioo zimekwisha. Wifi amesikia kwamba Wakorea wanatengeneza za kwao kwa wanga wa viazi vitamu, na viazi vitamu shambani kwa mama havipungui. Ameshakuna beseni la kwanza, amekamua, na sasa anangoja wanga utulie chini.